Vitu vya Juu ya Piano ya Bi Makumbusho

Wifi yangu huwajua watu kwa vitu wanavyovirundika juu ya piano zao, na ndiyo maana wengi hawapendi. Mimi ni mshonaji, nawajua watu kwa jinsi wanavyovuta tumbo ndani nikishika tepu, nami wengi siwapendi. Kwa hilo tumepatana tangu siku niliyoolewa na kaka yake.

Kazi yake ni kukaza nyuzi za piano zilizolegea mpaka zipatane sauti. Ili azifikie nyuzi lazima afungue kifuniko cha juu, na kifuniko cha juu cha piano ya mtu, jamani, acheni tu. Picha za harusi za watu walioachana. Maua ya plastiki kwenye chombo chenye maji ya kweli. Chaja ambazo hakuna anayejua ni za simu gani. Vikombe vya ushindi vya mtoto ambaye sasa ana kitambi. Nyumba moja tulikuta pasi, imechomolewa sasa hivi, bado ina joto. Nyingine paka alikuwa amezaa pale juu, na mwenye nyumba akatunong'oneza tufanye kazi taratibu tusimsumbue mzazi.

Na si kwamba hawaambiwi. Akipigiwa simu, neno lake la kwanza ni, "Naomba nikija nikute juu ya piano hamna kitu." Wanaitikia vizuri kabisa: "Hamna shida, fundi." Ukifika, shida imepangwa safu kwa safu.

Zamani alikuwa akiviondoa mwenyewe. Alitandika shuka sakafuni, akavihamisha kimoja kimoja kwa mpangilio ule ule, na kazi ikiisha akavirudisha. Lakini wifi yangu si malaika. Aliyepuuza ombi lake hakuachwa hivi hivi. Kulikuwa na bibi mmoja mwenye kundi zima la tembo wa udongo. Tembo wale walirudi wote salama, hakuna aliyevunjika hata mkonga, ila kila mmoja alimpa mwenye nyumba kisogo. Rimoti ya televisheni ya bwana mmoja mwenye maringo ilitumbukia kwenye chombo cha maua, chini kabisa, ikakaa huko mpaka walipobadilisha maua. Picha ya mama mkwe wa mtu ilihamia nyuma ya picha ya gari. Jioni akinisimulia hayo huku nikipiga pindo, nilikuwa nacheka mpaka naomba maji.

Michezo hiyo iliisha siku ya pete.

Bi Makumbusho ni jina tulilompa sisi wawili, kwa sababu piano yake ilikuwa haionekani. Ulichoona ni sahani za ukutani zilizokosa ukuta, saa iliyosimama, wanasesere wenye nguo za kufuma, mishumaa isiyowahi kuwashwa, na picha za ndugu hai na marehemu waliochanganywa bila kuulizwa. Katikati yake palikuwa na kisahani cha pini za nywele, vipuli na funguo. Humo, alisema, ndimo alimoweka pete yake. Wifi yangu alihamisha kila kitu, akafanya kazi, akarudisha kila kitu, akaaga. Hata hakucheza mchezo wake siku ile, maana mama yule alimpa chai na alikuwa mcheshi.

Kesho yake Bi Makumbusho alifika kwetu na shemeji zake. Hakuingia ndani. Alisimama barabarani akaielezea pete yake kwa sauti ya kuita gari: dhahabu, nyuzi mbili zimesokotana, kati yake jiwe la kijani. Majirani walitoka, hadi waliokuwa wanaoga. Akamwamuru wifi yangu amwage mkoba wake wa kazi chini, kwenye vumbi, naye akaumwaga. Ukaanguka ufunguo mrefu wa kukazia nyuzi, zikaanguka kabari za mpira, tepe za kitambaa kizito za kuzibia uzi mmoja usikie mwingine, bisibisi, na ndizi yake ya mchana. Shemeji mmoja akaiokota ile ndizi, akaimenya, akaivunja katikati atazame kama pete imo ndani. Watu wakacheka. Wifi yangu alikuwa amesimama mikono imeshikana mbele, macho makavu. Mimi ndiye niliyelia, na sikulia kwa huzuni. Nililia kwa sababu mume wangu alikuwa amenishika mikono yote miwili.

Pete haikuonekana, lakini neno lilikwisha toka. Bi Makumbusho alikuwa mweka hazina wa kwaya, anajuana na walimu, anajuana na wenye hoteli, ana mdomo usiochoka. Baada ya muda mfupi simu ya wifi yangu ikanyamaza kabisa. Ukiuliza unaambiwa, yule ana kazi nzuri, ila mkono wake mrefu.

Hapo ndipo mjomba wao, aliyekuwa amesimama nasi barabarani siku ya ndizi, alipoingia. Ni kaka wa mama yao, wifi yangu na mume wangu, mzee wa kofia na fimbo, fundi wa piano tangu enzi hizo. Yeye ndiye aliyemfundisha wifi kazi, akimkalisha na kumziba macho kwa leso ili asikie tu. Hana mtoto, mkewe alishatangulia, na wifi yangu ndiye anayempikia na kumfulia. Mjomba alivaa koti, akaenda kwa Bi Makumbusho kwa niaba ya ukoo, akarudi akaketi sebuleni kwetu akatikisa kichwa.

"Yule mama hasikii la mtu," akasema. "Lakini mwanangu, mimi bado nipo. Nyumba za watu utaingia pamoja na mimi. Wakiniona nimekaa, watakuwa na amani."

Tulimshukuru. Mimi nilipiga hadi magoti.

Basi ikawa hivyo, mwaka ukaingia mwaka ukatoka. Wifi anakaza nyuzi, mjomba ameketi kiti cha pembeni, kofia juu ya goti, fimbo katikati ya miguu. Mwenye nyumba akichungulia, mjomba anainua kidole: "Niko hapa, mama. Usiwe na wasiwasi." Neno hilo lilikuwa likimkata wifi yangu maini. Aliniambia hivyo mwenyewe. Kila nyumba, kila siku ya kazi, alinadiwa upya kuwa ni mtu wa kulindwa. Alichokitaka duniani kilikuwa kidogo sana: kubisha hodi peke yake, kuingia peke yake, kutoka peke yake, kama fundi bomba, kama daktari, kama mtu.

Na tangu siku ile hagusi kitu cha mtu. Hata karatasi. Anafika, anaketi kwenye stuli ya piano akiwa ameipa piano mgongo, mikono mapajani, anasema, "Toa mwenyewe." Wengine hucheka wakidhani ni utani. Wengine hukasirika. Nimemwona mkurugenzi mwenye tai akibeba chupi za watoto zilizokunjwa, rundo baada ya rundo, jasho likimtoka, na wifi yangu akimtazama tu kama mtu anayesubiri zamu yake kwa kinyozi. Mjomba hakupenda. "Unawatia watu uchungu," alikuwa akimwambia. Wifi hakumbishia, wala hakunyanyua kitu.

Nyumba moja tu mjomba aliikataza. "Kwa yule wa pete nitakwenda peke yangu," alisema. "Nakuepusha na aibu, mwanangu." Nasi tukamwona mzee ana utu.

Magoti yake yalipokataa ngazi, kiti cha pembeni nikakirithi mimi. Nilikuwa naenda na nguo za watu za kupiga pindo, nakaa. Nilikuwa mlinzi wa hovyo, maana macho yangu yalikuwa kwa mwenye nyumba.

Siku moja wifi alikuwa kwa mjomba anamfulia. Mzee yuko bafuni, simu yake ikalia mezani. Akaipokea. Sauti aliijua kabla haijamaliza salamu.

"Fundi yupo? Mwambie kwaya yangu inafanyia mazoezi hapa nyumbani kesho jioni, na piano imeharibika sauti, inalia kama bati. Aje asubuhi, tafadhali."

"Fundi atakuja," wifi akasema, akakata. Mjomba hakuambiwa.

Alikuja moja kwa moja kwangu. Sikumngoja amalize. Nilifunga cherehani nikamwambia, twende, na safari hii hata mume asijue. Nilikuwa na mipango. Nilitaka kumwaga maua yenye maji ndani ya piano ile. Nilitaka kila sahani ipasuke, kila mwanasesere, kila marehemu wa kwenye fremu avunjike mguu. Wifi alinisikiliza akanywa maji, akasema, "Tutaona." Kwake neno hilo ni kubwa.

Kesho yake asubuhi Bi Makumbusho alifungua mlango mwenyewe. Nilijiandaa kwa kelele. Badala yake, mama yule alifungua mikono.

"Karibuni, karibuni jamani! Fundi, mbona umepungua hivyo? Miaka! Na mjomba, magoti yanasemaje?"

Damu ilinipanda kichwani. Kumtukana mtu barabarani, kisha kumchekea mlangoni kama vile mlikula pamoja jana! Wifi yangu aliingia bila kutabasamu.

Piano ilikuwa ile ile, na makumbusho yameongezeka. Palikuwa na mizani ya jikoni. Palikuwa na kofia ya pikipiki.

"Toa vitu vyako, mama," wifi akasema, akaketi.

"Ah, wewe si unajua mwenyewe pa kuviweka..."

"Mimi sigusi kitu cha mtu. Toa mwenyewe."

Bi Makumbusho akacheka kidogo, akaona hachekewi, akaanza. Akabeba sahani, akabeba saa, akabeba wanasesere wawili wawili kwa kuwakumbatia. Kila safari alipita mbele yetu na mikono yake. Nilikuwa natunga uzi kwenye sindano. Mkono wake wa kushoto ulipopita umeshika fremu ya marehemu fulani, kwenye kidole nikaona nyuzi mbili za dhahabu zimesokotana, na jiwe la kijani kati yake.

Nilijichoma sindano.

"Wifi," nikaita.

"Nimeiona," akajibu. Hakugeuka.

Nilimsubiri amrukie. Hakumrukia. Alingoja mpaka kitu cha mwisho kimetoka, kile kisahani cha pini, kisha akainuka, akafungua kifuniko, akaondoa ubao wa mbele, akafungua skrubu moja baada ya nyingine. "Shika upande huo," akaniambia. Tukanyanyua mtambo mzima wa nyundo zinazogonga nyuzi, mzigo wa mbao na waya usiotaka haraka, tukautoa ndani ya piano na kuulaza juu ya meza ya kulia chakula, kwenye kitambaa. Wifi akavuta kiti akakaa mbele yake, mkono mmoja juu ya nyundo.

"Mama, hebu bonyeza piano yako."

Bi Makumbusho akabonyeza. Ikatoka sauti ya mbao tupu, tok. Akabonyeza pengine. Tok.

"Mbona haiimbi?"

"Sauti yote ninayo hapa. Haitarudi ndani mpaka uniambie kuhusu hiyo pete."

Nilimkazia macho yule mama nione uso wake ukianguka. Nilikuwa nimeisubiri sura hiyo tangu siku ya ndizi. Lakini alichofanya ni kuitazama pete, kisha kumtazama wifi yangu, akiwa hajaelewa.

"Pete? Pete si ilionekana? Ilivuka kidoleni ikabaki ndani ya glavu ya kuoshea vyombo. Wiki ile ile niliipata."

"Wiki ile ile!" nikasimama mimi, pindo la watu likaanguka chini. "Na ukakaa nayo kimya! Mwenzio anatembea na mlinzi kama mfungwa, wewe unaosha vyombo!"

"Dada, kimya gani?" Sasa naye sauti ilimpanda. "Mjomba wenu alikuja hapa, akakaa kiti hicho hicho ulichoinuka. Nikamwambia pete imeonekana, naona aibu hata kumtazama binti, namwomba anisamehe. Nikamwambia kesho nitazunguka kwa watu wote niliowaambia niyarudishe maneno yangu. Yeye ndiye aliyenikataza! Akasema nikizunguka nitajivua nguo mbele za watu, jambo hili atalimaliza yeye kifamilia. Akarudi siku nyingine akaniambia nimeshasamehewa, ila wewe, fundi, hutaki kuja hapa, roho bado inauma, kwa hiyo atakuwa anakuja yeye."

Wifi yangu aliuondoa mkono juu ya nyundo, akauweka mapajani.

"Mpigie," akasema. "Weka sauti ya nje. Usimwambie tupo."

Bi Makumbusho alipiga. Nilitaka asipokee. Nasema kweli, nilikuwa nimekuja kumla mtu nyama, na hapo nikaomba mzee awe amelala.

"Mama mwenyewe! Piano inasemaje?" Sauti ya mjomba ilikuwa changamfu.

"Piano haijambo. Fundi, lile jambo la pete. Ulimwambia mpwa wako kuwa ilionekana?"

Mzee akakohoa. "Hayo tunayafukuaje leo, mama? Tulikubaliana yamekwisha."

"Ulimwambia?"

"Sikiliza. Yule hana tatizo. Nyumba zote aliingia na mimi, kazi akapata, wote tukala. Ningemwambia, angekwenda zake. Watu walikuwa wameshaacha kuniita mimi. Mtu ananipigia simu mimi niliyekaza piano ya baba yake, ananiambia, tuletee yule binti. Wewe ungefanyaje? Basi yaache, mama. Ya ukoo wetu niachie mimi."

Bi Makumbusho akakata simu bila kuaga. Akabaki ameishika kifuani.

Wifi yangu alitazama nyundo, zile ncha zake nyeupe zilizochakaa kwa kupigana na nyuzi. Mimi nilikuwa nahesabu moyoni: kila bakuli la uji alilompelekea mzee, kila shati alilomfulia, na yeye akipakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Nilitamani kuvunja kitu na sikujua tena nivunje cha nani.

"Wewe," wifi akamwambia Bi Makumbusho, "ulinitukana barabarani, ukaniomba radhi chumbani, tena kwa mdomo wa mtu mwingine. Kwaya yako inakuja jioni. Utawaambia wote, kwa mdomo wako. Mimi nitakuwa nimekaa hapa."

"Na wakinicheka?"

"Mimi walinicheka. Nipo."

Jioni kwaya ikaja, ikakuta piano iko uchi na utumbo wake uko mezani. Bi Makumbusho alisimama mbele yao na trei ya vikombe mkononi, labda akidhani trei itamkinga, akayasema yote: pete, glavu, ndizi. Alilia alipofika kwenye ndizi. Mwalimu wa kwaya alisogea kumpa wifi yangu mkono. Wifi akamwonyesha viganja vyake vyenye vumbi, akamwambia, "Nishikie mtambo upande huo." Wakaurudisha ndani. Kisha wifi akafanya kazi yake, polepole kuliko nilivyowahi kumwona, sauti moja ikigongwa na kugongwa mpaka itii, halafu inayofuata. Kwaya nzima iliketi kimya ikisikiliza, watu wazima wamebana magoti, na hakuna aliyethubutu kukohoa. Mimi nilipiga pindo langu kwa raha zote. Hiyo ndiyo sehemu ya siku ile ninayopenda kuisimulia.

Kutoka pale tulikwenda kwa mjomba. Alikuwa kwenye piano yake mwenyewe, kama kila jioni. Ile piano ndiyo mke, ndiyo watoto. Mikono yake imekakamaa lakini sikio lake ni zima, na vidole vikikosea hujicheka mwenyewe. Haiwezi tena kazi ya kukaza, kwa hiyo wifi yangu ndiye aliyekuwa akiitengeneza kila ilipotaka kuteleza, mara kwa mara, bila kuambiwa.

"Mjomba," wifi akasema, "leo nilikuwa kwa mama wa pete. Ulipokuwa unaongea naye kwenye simu, nilikuwa nimekaa mezani kwake."

Mzee akaondoa vidole kwenye piano. Alitazama sakafu, akatafuta fimbo yake ilhali ilikuwa imeegemea goti lake.

"Ungeniacha," akasema.

"Wewe ulikuwepo siku ile. Ulisimama pale walipomenya ndizi yangu."

"Ungeniacha, mwanangu. Ningekuwa mzee wa kusalimiwa tu."

Wifi aliingia jikoni, akapasha chakula, akamwekea mezani, akamtilia maji ya kuoga kwenye ndoo. Njiani nilimkalia kooni: mbona unamlisha? Mtu kakuuza miaka yote, wewe unampashia chakula?

"Kula atakula," akasema. "Nguo nitafua. Dawa za magoti nitanunua. Piano yake sitaigusa tena."

Nilicheka. Nilidhani ni adhabu ya mtoto, kama kumnyima mtu peremende. Nikamwambia wazi kwamba mimi ningemfungia nje mvua ikinyesha.

Sikujua kitu. Wifi yangu sasa alikuwa anaingia nyumba za watu peke yake, mkoba begani, bila mtu wa kuinua kidole pembeni, na mimi nilikuwa nimerudi kwenye cherehani yangu. Lakini nilikuwa nikipita kwa mjomba kumpelekea mkate, na nilisikia. Mwanzo ilikuwa sauti moja tu ya katikati, imelegea kidogo sana. Mimi nisiyejua nisingeitambua, ila mzee alipofika pale alisimama. Akarudia. Akasimama tena. Baadaye akawa anacheza nyimbo zisizopita pale. Sauti nyingine ikalegea, na nyingine, na nyimbo zake zikawa fupi. Siku moja nilimkuta ameutafuta ufunguo wake wa zamani, anajaribu kukaza mwenyewe kwa mikono inayotetemeka. Uzi ulikatika ukamchapa shavuni. Alikaa anashika shavu.

Wifi alimpaka dawa shavuni siku hiyo hiyo. Alimkatia na kucha.

Nilikuwa nimekitaka kisasi kwa roho yangu yote. Nilikuwa nimekitaka kiwe na kelele, vitu vivunjike, majirani watoke. Hiki cha wifi yangu hakikuwa na kelele yoyote isipokuwa ile ya mzee kusimama katikati ya wimbo. Nilianza kupeleka mkate asubuhi, wakati hachezi. Na bado sikumwonea huruma ya kutosha kumwombea. Naona niseme hivyo kuliko kujipamba.

Jumapili iliyopita tulikuwepo wote watatu, mimi na pindo la watu mapajani. Wifi alikuwa anafuta vumbi juu ya piano ya mzee, pale ambapo pako peupe, hapana hata kikombe, kama alivyofundishwa. Mjomba alikuwa kwenye kiti chake, kofia juu ya goti. Alikuwa amelitafuta neno kwa muda mrefu.

"Nyuzi za katikati tu, mwanangu," akasema. "Hizo chache tu. Nife nikizisikia."

Wifi yangu alimaliza kufuta mpaka pembeni, akakunja kitambaa mara mbili.

"Piano ya mtu siifungui bila mlinzi, mjomba," akasema kwa upole kabisa. "Na mlinzi wangu magoti yanamuuma."

Mzee akanigeukia mimi. Alinionyesha kwa macho kiti cha pembeni. Niliinamisha kichwa nikaendelea kutafuta tundu la sindano.